Mkoba wa Siku Mbili

Kabla hakujapambazuka nilisikia zipu. Ilikuwa ikifunguliwa polepole, jino moja moja, kama mtu anayechelea kuamsha mtoto. Nikajua ni mdogo wangu. Nyumba yetu ina watu wawili tu, mimi na yeye, wote wajane, na paka hana vidole vya kufungulia zipu.

"Unatoa nini humo?" nikauliza nikiwa bado kitandani.

Zipu ikanyamaza.

"Sitoi kitu. Naangalia tu."

"Unaangalia kwa mikono?"

Nikawasha taa. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkoba wangu uko mapajani mwake, na ule mto mdogo niliouficha chini ya nguo ameshaukumbatia kifuani. Mto wa sufi, mpya, nilioushona mwenyewe kwa kitambaa cha maua. Ulikuwa wa mjukuu wangu.

"Dada, tulikubaliana nini?" akasema. "Siku mbili, mkoba mmoja. Nguo ya kubadili, kanga, mswaki, dawa za presha, basi. Sasa huu mto umeingiaje humu? Umetembea?"

"Ni mto mdogo tu."

"Leo mto, kesho godoro. Nani asiyekujua wewe?"

Alisema kweli. Mimi na mdogo wangu tunashona mito na magodoro ya sufi, kama mama yetu kabla yetu. Mkono wangu umezoea kujaza. Nikiona mfuko una nafasi, vidole vinaniwasha. Zamani nilipokuwa nikienda mjini kwa mwanangu, nilishuka kwenye basi na magunia, mabunda, ndoo ya maharage, mto kwa kila mtu wa nyumba, na mwaka mmoja nilikwenda na kigoda. Mwanangu alikuwa akija kunipokea anacheka tangu mbali. "Mama," alikuwa akisema, "nyumba umeiacha, au nayo imo humu?"

Mwanangu alifariki kwa homa ya siku chache. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo. Mkewe alibaki na mtoto wao, akakaa, akalia alivyolia, na baadaye akapata mtu wa kumwoa. Aliponiletea habari hiyo alikuja mwenyewe. Hakutuma mtu, wala hakupiga simu. Alisafiri njia yote ile akaketi kwenye mkeka wetu, akasema, "Mama, nimekuja kukwambia kabla hujasikia kwa wengine." Nikamwambia, "Nenda, mwanangu. Wewe bado kijana." Nilisema kwa moyo mweupe, na mpaka leo sijutii. Lakini alipoondoka nilibaki nimeutazama mlango, maana hakukuwa tena na jina la kuniita mimi. Mama wa mume gani? Mume wa sasa ana ukoo wake.

Tangu hapo sikuwa nimekwenda. Sasa nilikuwa nakwenda, na nilitaka kujua jambo moja tu: kama bado nina mlango wa kubisha katika mji ule. Nisingeuliza. Ningetazama nyuso za watu, nami ningeona.

"Ile si nyumba ya mwanao tena," mdogo wangu akaendelea, akiupangusa mto wangu kana kwamba una vumbi. "Ni nyumba ya mwanamume wa watu. Ukishuka na mabunda yako, atasema bibi amehamia. Nenda mwepesi, dada. Waone kwamba umekuja na utaondoka."

"Na mtoto akiniuliza mto?"

Hapo aliushusha mto mapajani. Naye anampenda yule mtoto. "Mwambie unakuja," akasema. Kisha akafunga zipu, haraka safari hii, na kwenda kunichemshia chai. Alinitilia sukari zaidi ya ninayoruhusiwa, bila kusema neno, nami nikainywa bila kusema neno.

Kwenye kituo, kondakta alifungua buti la chini la basi akanisubiri.

"Leta mzigo, bibi."

"Mzigo ndio huu."

Akatazama nyuma yangu, kama kuna mtu anakuja nao. "Bibi mzima anakwenda mjini na mkoba wa mwanafunzi? Umemtoroka babu?"

"Babu yenu ndiye aliyenitoroka. Yuko kaburini."

Watu wakacheka, yeye akaona haya. Akanishika mkono kunipandisha, akamwomba mama mmoja anipishe kiti cha dirishani, na basi liliposimama njiani aliniletea chai mwenyewe. Nilipofungua kibeti akajifanya ameitwa na dereva.

Sikujua kwamba safari nyepesi ni ngumu hivyo. Zamani, kila basi liliposimama, nilikuwa nanyanyuka kuchungulia kama gunia langu limeshushwa na mtu mwingine. Nilikuwa na kazi ya kufanya njia nzima. Safari hii mkoba ulikuwa mapajani, mikono imekaa juu yake, na mawazo hayana pa kwenda ila kwa mwanangu. Nilimwona akiwa mdogo, amelala juu ya rundo la sufi dukani kwetu, tukimtafuta nyumba nzima. Niliiona shingo yake. Sijui kwa nini shingo. Nilitazama nje nikajifanya jua linaniumiza macho.

Mkwe wangu alikuwa ananingoja kituoni. Mimi namwita mkwe wangu mpaka leo, sina neno jingine. Anafanya kazi kwa dobi, anapiga pasi mashati ya watu tangu asubuhi, na hata siku ile nguo yake haikuwa na kunyanzi hata moja. Pembeni yake alisimama mchukuzi, mwanamume mnene, na mkokoteni mtupu. Alikuwa amemtafuta kwa ajili yangu.

Alinikumbatia. Kisha macho yake yakanipita, yakaenda kwenye buti la basi.

"Mizigo iko wapi, mama?"

"Ndiyo hii."

"Hii tu?"

"Ni siku mbili, mwanangu. Siku mbili mtu anahitaji nini?"

Akatabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni wa heshima. Nikajiambia moyoni, ameshukuru. Ameona sikuja kuhamia.

Ni yule mchukuzi aliyetuokoa. Aliuchukua mkoba wangu kwa mikono miwili, akauweka katikati ya mkokoteni, akauzungushia kamba akaifunga fundo, kisha akaanza kuusukuma ameinamia mbele na kukunja uso kama amebeba kabati la vyombo. "Pisheni," akawa anawaambia watu. "Pisheni, mzigo wa bibi." Mimi na mkwe wangu tukacheka njia nzima, na kwa sababu tulikuwa tunacheka hatukulazimika kuzungumza.

Bado wanakaa ile ile ghorofa ya tatu aliyokaa mwanangu. Jumba halina lifti, na mume wake mpya ni fundi wa lifti. "Wote wanamcheka," mkwe wangu akasema tukiwa tunapumzika kwenye ngazi. "Anapandisha mji mzima, mwenyewe anapanda kwa miguu."

"Yuko nyumbani?"

"Yuko kazini." Akainama kuokota kitu ambacho sikukiona. "Siku hizi mbili atakuwa kazini. Mpaka Jumapili."

Basi, nikasema moyoni. Mwenye nyumba amesikia nakuja, akaondoka.

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, maana hanyamazi. Alitufungulia mlango na meno yake mawili ya mbele yametoka, akanirukia, akanieleza habari za meno yote mawili, la kwanza lilivyotoka na la pili lilivyotoka, na hapo hapo akaanza kunizunguka akitafuta.

"Bibi, mto wangu?"

"Unakuja, mama."

"Unakuja na nani?"

"Chiriku," mama yake akasema, "mwache bibi akae."

Mtoto akaniangalia kwa makini, kama anayepima kama mimi ndiye yule yule. Kila nilipokuja nilimletea mto. Yeye ndiye aliyeniambia zamani kwamba kichwa chake kinakua, nami nikakubaliana naye.

Niliketi. Nyumba ilikuwa safi sana. Meza, viti vinne, pazia lililopigwa pasi. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari ambao mwanangu alikuwa akitundika kofia yake, kofia ya kijivu iliyochakaa ukingo. Sasa msumari ulikuwa mtupu. Nikatazama kabati, nikatazama dirisha. Nilitafuta kikombe chake, kile chenye mkono uliovunjika. Hapakuwa na kitu. Nyumba ilikuwa imepangwa vizuri kama nyumba ambayo hakuwahi kuishi. Sikulaumu. Watu wana haki ya kuishi. Lakini nilikuwa nimesafiri njia yote ile nikidhani nitakuta angalau msumari umevaa kofia.

Tulikula, tukazungumza habari za jirani, bei ya sabuni, mvua. Mkwe wangu alinihudumia kama mtu anayepokea mgeni wa ofisini, kila kitu kwenye sinia, kila kitu kwa "karibu". Nami nikajibu "ahsante" kila mara, na kadiri tulivyozidi kuwa na adabu ndivyo tulivyozidi kuwa mbali. Nilikwenda kulala mapema na Chiriku. Alinipa nusu ya mto wake. Ulikuwa umekufa, sufi yote imeganda madonge, unaulalia kama unalalia viazi.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi, na mkwe wangu hakwenda kwa dobi. Baada ya chai sikuweza kukaa. Mtu wa kazi za mikono akikaa mikono mitupu anajiona mgonjwa.

"Nipe mkasi," nikamwambia. "Huu mto wa mtoto unahitaji kuchambuliwa."

"Mama, umekuja kupumzika."

"Nimepumzika kwenye basi."

Kuchambua sufi ndani ya chumba kuna masharti yake. Unafunga madirisha. Unazima feni. Unajifunga kanga mdomoni na puani, na wote walio chumbani wanajifunga. Hakuna kukimbia, hakuna kupunga mikono, hakuna kusema kwa nguvu, kwa sababu pumzi yako tu inatosha kuirusha. Mama yetu alitufundisha kuzungumza kwa sauti ya chini tukiwa na sufi mbele yetu, na wateja walidhani sisi ni watu wapole sana.

Tulitandika shuka sakafuni tukaketi, mimi, mkwe wangu na Chiriku, macho tu yanaonekana, kama majambazi watatu. Nikafumua mshono, nikamwaga madonge. Nikawaonyesha: unachukua donge, unalivuta kwa vidole viwili, polepole, mpaka linafunguka na kuwa kama moshi. Mkwe wangu, aliyezoea pasi nzito, alianza kwa kukamua. "Usilikamue," nikamwambia. "Libembeleze."

Chiriku alinyamaza. Ilikuwa ajabu. Alikuwa anaogopa kuipeperusha.

Tulichambua muda. Rundo jeupe likaanza kupanda katikati yetu. Ndipo mkwe wangu akasema, kwa ile sauti ndogo ya sufi, bila kuinua macho, "Mama, nikuulize?"

"Niulize."

"Umekuja kutuaga?"

Nikadhani sikusikia vizuri kwa sababu ya kanga. "Kumwaga nini?"

"Kutuaga. Sisi. Mimi na mtoto." Akavuta donge, akalivuta tena. "Ni ule mkoba wako wa jana. Nilikuwa nimetafuta mkokoteni. Nimehamisha vitu jikoni nipate mahali pa kuweka maharage yako. Halafu unashuka na kimkoba kama mtu wa kukagua mita ya maji. Mpaka nalala nilikuwa nawaza. Nikasema, mama ametuona tumeshakuwa wa watu wengine. Amekuja mara hii moja, kwa adabu, ili asitulaumu, halafu basi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili haviruhusiwi mbele ya sufi.

"Mdogo wangu aliniambia nije mwepesi," nikasema. "Nisimwogopeshe mwenye nyumba."

"Mama mdogo alisema hivyo?"

"Mto wa mtoto alinitolea kwenye mkoba alfajiri. Nilimkuta ameukumbatia."

Chiriku akainua macho. "Kwa hiyo upo?"

"Upo. Wa maua."

"Ndiyo unakuja peke yake," akasema, akaridhika, akarudi kwenye donge lake.

Mkwe wangu alikuwa anatikisika mabega. Sikujua kama ni kicheko. "Na mimi," akasema, "kofia nimeiweka kabatini. Mara ya mwisho ulipoiona pale mlangoni hukula siku nzima. Nikasema safari hii nikuondolee. Na kikombe pia."

"Naweza kuviona?"

"Nikuletee?"

"Niletee kofia. Tembea taratibu."

Akanyanyuka kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni, akaenda, akarudi nayo. Nikaipokea mapajani. Haikuwa na harufu yake tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikagundua sikuwa nimejiandaa. Lakini ndani, kwenye ukanda wa ngozi, palikuwa na alama nyeusi ya jasho la paji lake, nami nikaweka kidole gumba hapo nikakiacha.

"Na mume wako," nikasema baadaye. "Huyu aliyenikimbia."

Akanitazama. "Nani amekukimbia?"

"Si yuko kazini siku zote mbili?"

"Mama, zamu zake ni za mchana tu. Analala kwenye chumba cha mashine za lifti, juu kabisa ya jumba la ofisi, pamoja na nyaya na grisi. Nilimkataza. Akaniambia, mama anakuja nyumbani kwa mwanawe, mimi nitakaa pale kama nani? Atashindwa hata kulia akitaka kulia."

Nilimfikiria mtu huyo nisiyemjua, amejikunja juu ya zege karibu na mashine, ili mimi nipate nafasi ya kulia.

Ndipo niliposikia hatua kwenye ngazi. Mtu alikuwa anapanda kwa kuruka, ngazi mbili mbili, kisha anatulia kidogo kwenye kona, kisha mbili mbili tena. Mwanangu alikuwa akipanda hivyo. Nilijua hayupo. Nilimwosha uso mwenyewe kabla hajazikwa, ninajua. Lakini moyo haukuniuliza, ulishasimama kwenda mlangoni, na kwa muda ule mfupi, toka kona ya mwisho mpaka kitasa kilipozunguka, nilikuwa na mtoto.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, na upepo wa ngazini ukaingia wote.

Sijawahi kuona sufi ikiruka namna ile. Rundo zima lilinyanyuka kama lilikuwa linangoja ruhusa. Ilijaa chumba, ikapanda darini, ikamfunika mtu aliyesimama mlangoni toka nywele mpaka viatu. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Hakufanana na mwanangu hata kidogo.

"Funga mlango," Chiriku akapiga kelele, kunyamaza kwake kumekwisha.

Akaufunga. Akasimama hapo hapo, mikono imeachana na mwili, hathubutu kujipangusa. Nyusi nyeupe, kope nyeupe.

"Umezeeka," Chiriku akamwambia.

"Shikamoo, mama," akaniamkia mimi, na sufi ikamwingia puani, akapiga chafya moja kubwa iliyoirusha mara ya pili ile iliyokuwa inatua.

"Marahaba," nikasema, na hapo nikashindwa. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka mdomoni. Mkwe wangu alikuwa amelala ubavu. Kwa mara ya kwanza toka nifike sikumsikia akisema karibu.

Kisha yule fundi akaiona kofia mapajani mwangu. Uso wake ukabadilika, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Samahani," akasema. "Nilidhani mmetoka. Nimekuja kuchukua ovaroli safi tu. Nachukua naondoka."

Mkwe wangu akaacha kucheka. Akanitazama mimi. Nikaona kwamba wote wawili wananitazama, na kwamba katika nyumba ile, ambayo nilidhani nimekuja kupimwa, mimi ndiye niliyekuwa nangojwa kusema.

"Huondoki," nikamwambia. "Umetumwagia sufi, utaiokota."

Akaiokota. Alipiga magoti akaifuata chini ya kabati, nyuma ya pazia, juu ya taa kwa kusimama kwenye kiti. Alikuwa na vidole vya mtu wa nyaya, anashika kitu kidogo bila kukiumiza. Alichambua vizuri kuliko mke wake, na Chiriku akamwambia mama yake hivyo bila huruma. Wakati wa kujaza nilimwonyesha kwamba unaanza na pembe za mto, unashindilia pembe kwanza, kwa sababu ukianza na katikati pembe zitabaki tupu daima. Akashika mdomo wa mfuko, mimi nikajaza. Mkwe wangu alikwenda jikoni, Chiriku akamfuata kumsimulia mambo aliyoyaona mwenyewe kwa macho yake.

Tulipobaki wawili, yule fundi akasema, bado ameshika mfuko, "Mama, alikuwa mtu wa namna gani?"

Sikuelewa anamuulizia nani.

"Mwenye kofia," akasema. "Mimi naishi na mtoto wake. Natundika koti langu kwenye msumari nilioupigilia chumbani kwa sababu ule wa mlangoni ni wake. Lakini hakuna anayenisimulia habari zake. Mama Chiriku anaogopa nitachukia, mtoto anakumbuka vipande tu. Siku moja ataniuliza mimi, na mimi sijui chochote."

Watu wengi walinifanyia wema baada ya msiba. Waliniletea kuni, walinifulia, walikaa nami. Lakini wote waliacha kulitaja jina la mwanangu, nikiingia wanabadilisha mazungumzo, hata mdogo wangu. Walikuwa wananihurumia. Nami nilikuwa na habari zake zimenijaa mpaka kooni, na hakuna aliyeniomba hata moja. Sasa ananiomba huyu, wa mwisho ambaye ningemfikiria, ana sufi masikioni.

Nikamsimulia. Nilianza na alivyolala kwenye rundo la sufi tukamtafuta. Nikamweleza alivyoogopa bata mpaka akaota ndevu. Alivyokuwa hawezi kuimba na anaimba. Alivyokasirika kwa kunyamaza, na ukitaka kumtoa kwenye hasira unampa kitu kilichoharibika akitengeneze. Fundi alikuwa anasikiliza amefungua mdomo kidogo, na mahali pengine aliniuliza swali, bata wa aina gani, wimbo upi, kama mtu anayetaka kujua kweli. Mkwe wangu alisimama mlangoni mwa jikoni na kijiko mkononi. Aliongeza jambo moja nisilolijua, kwamba mwanangu alikuwa akilala na mguu mmoja nje ya shuka hata wakati wa baridi. Tulikula chakula kimepoa.

Siku ile fundi hakurudi kwenye chumba cha mashine. Alilala nyumbani kwake, nami nililala na Chiriku, mto wake umefufuka, kichwa chake kinanukia sabuni. Nililia kidogo nikiwa nimeelekea ukutani. Hakikuwa kilio kibaya. Kofia ilikuwa imerudi kwenye msumari wake, nilikuwa nimeiona nikipita.

Jumapili asubuhi mkwe wangu alinisindikiza mpaka chini ya ngazi, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mwambie mama mdogo nitakuja kumgombeza mwenyewe." Hakusema zaidi, kwa kuwa Chiriku alikuwa anasema badala ya wote. Fundi akasema yeye ndiye atakayenipeleka kwenye basi.

Tulitembea polepole. Alinionyesha majumba, hili lina lifti mbili, lile lina moja na ni korofi, huzima kila mvua inaponyesha. Nilimuuliza habari za mama yake. Akasema alilelewa na shangazi, mama yake hakumjua, na shangazi naye ametangulia. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekwambia saa. Nikamshika mkono tulipovuka barabara, na tulipomaliza kuvuka hakuutoa.

Basi lilikuwa limeshawashwa injini. Alinipandisha, akanitafutia kiti, akashuka, akaja akasimama chini ya dirisha langu. Akawa anapapasa masikio yake. Nilidhani anatafuta sufi.

"Mama," akasema, "Chiriku ni mjukuu wako. Mama yake ni mwanao, ameniambia, na utakuja kuwaona wakati wowote bila kuomba. Hilo halinihusu mimi." Basi likaanza kusogea kidogo, akatembea nalo. "Mimi sina udugu wowote na wewe, najua. Lakini ukija tena, tafadhali, siku moja katika hizo uje kunitembelea na mimi."